Asubuhi Protasi Alipong'oa Kambi

Protasi hakuwa mtu wa kukaa akatulia. Hata kanisani alipenda kiti cha karibu na mlango, na nyumbani aliegesha gari likitazama barabara, tangi limejaa mafuta. Huko South End, mjini Louisville, jimbo la Kentucky, alikoishi na mkewe Kostansia na binti yao Ange, Warundi wenzake walimtania kwamba anabadilisha nyumba kama wengine wanavyobadilisha soksi. Alicheka pamoja nao, na baada ya miezi michache wakamkuta tena anapakia vitanda. Ukimuuliza sababu, alikwambia nyumba ina unyevu, au jirani ana mbwa mkali. Mwenye kutafuta sababu hazikosi.

Kwa hiyo aliponunua gari-nyumba kuukuu, lile ambalo Wamarekani huliita RV, lenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani, hakuna aliyeshangaa. Kostansia tu ndiye aliyeguna.

"Baba Ange, umepata ulichokuwa unakitafuta," alimwambia. "Nyumba yenyewe ina magurudumu."

Tusimcheke upesi. Protasi alizaliwa na kulelewa katika kambi ya wakimbizi nchini Tanzania, na ndevu ndiyo kwanza zilikuwa zinamchomoza ilipotoka amri kambi ifungwe. Asubuhi moja walipita watu na makopo ya rangi nyekundu, wakichora msalaba kwenye kila nyumba ya kubomolewa. Nyuma yao yakaja malori. Watu walipandishwa wakiwa na walichokishika mkononi, wengine wameacha chungu motoni. Katika vurugu ile Protasi alipotezana na mama yake, dada yake mkubwa Fides na mdogo wao Jovini, na ilipita miaka mingi kabla hawajaonana tena, tayari wote wameshaletwa Marekani. Kila mmoja aliangukia mji wake: Protasi Louisville, Jovini Columbus, na Fides alikaa na mama yao Buffalo, katika kijumba cha Riverside karibu na mto.

Mama akafariki. Protasi alifika mazikoni, lakini udongo wa kaburi haujakauka yeye alikwishashika barabara kuu. Kwa desturi ya Warundi, matanga hayaishi hivi hivi. Lazima ndugu wakutane siku moja waganduke, yaani waondoe tanga, wanywe pamoja, na mtoto wa kiume mkubwa aseme maneno ya kumwachilia marehemu. Mpaka hapo familia iko katika majonzi, hata arusi haifungwi. Mtoto huyo mkubwa alikuwa Protasi.

Mara ya kwanza walipanga wakutane Buffalo. Protasi akasema gari limemfia njiani. Mara ya pili walipanga Columbus, mtaa wa Clintonville alikokuwa akiishi Jovini. Safari hiyo alifika kweli, ila aliona polisi wamefunga barabara, akageuza gari na kurudi alikotoka. Baadaye ilijulikana kwamba barabara ilifungwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakishindana mbio za kujifurahisha. Jovini alicheka hadi akashika mbavu, lakini Fides hakucheka. Alimpigia simu Protasi, na sauti yake ilikuwa kavu.

"Sikia, Protasi. Nimeomba ruhusa kazini kwa taabu, siku moja tu. Safari hii usipokuwepo, maneno atayasema Jovini. Na mimi sitakuhesabu tena kuwa ndugu yangu. Nimechoka kufukuza upepo."

"Nitakuja, dada."

"Usiniambie utakuja. Niambie utakaa."

Maneno hayo yalimwingia Protasi kama mwiba. Alimpenda dada yake, na alijua hatanii.

Jovini ndiye aliyepata mahali. Mama yao, aliyezaliwa kwenye vilima vya Burundi, alikuwa akinung'unika kila siku kwamba Buffalo ni bapa mno, na kwamba nchi isiyo na kilima ni sawa na uso usio na pua. Aliomba tanga lake liondolewe mahali ambapo macho yanapanda. Basi Jovini akatafuta kwenye simu, akaona mji mdogo chini ya milima ya Virginia Magharibi, na pembeni mwa mji huo kambi ya magari-nyumba. Protasi angekuja na nyumba yake, wao wangekuja na magari yao. Nani angepata tena kisingizio?

Protasi alifika siku moja mapema ili asije akalaumiwa. Alipoingia getini moyo wake haukupenda alichokiona. Viwanja vilipangwa safu kwa safu, kila kimoja na namba yake na bomba lake la maji. Mabafu na sehemu ya kufulia vilikuwa vya wote. Wazee wa Kizungu waliostaafu walikaa nje ya magari yao wakiota moto, wakipungia mkono kila apitaye, na mmoja wao aliwaletea mahindi machanga akawauliza wametoka wapi. Kostansia aliyapokea kwa furaha. Protasi alijibu "Kentucky" na kutazama lilipo geti.

"Mama Ange," alinong'ona, "hawa watu wanalipa pesa wakae kambini?"

"Wanalipa. Na wewe umelipa," mkewe alimjibu, akacheka.

Msimamizi wa kambi, mwanamke mzee aliyezunguka kwa kigari kidogo cha umeme, alimwonyesha pa kuchomeka umeme na pa kufunga mpira wa maji. Alimweleza na mengine mengi kuhusu kazi itakayofanyika kesho yake, lakini Protasi alikuwa akihesabu njia za kutokea, akaitikia "yes, yes" kwa kila neno. Usiku huo hakulala vizuri. Alijigeuza kitandani, akainuka, akachungulia dirishani, akarudi. Mkewe alimwomba aache kulitikisa gari.

Kulipokucha mambo yalionekana mepesi zaidi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi nusu ya mlima, na Kostansia alibandika sufuria kubwa ya maharage kwenye jiko la nje, apate kuwapokea wifi na shemeji yake kama inavyostahili. Ange alipanga viti vya kukunja. Protasi alisimama na kikombe cha chai, na kwa mara ya kwanza tangu waondoke Louisville mabega yake yalilegea.

Ndipo akamwona mtu aliyevaa kizibao cha rangi ya machungwa akitembea kati ya magari, kopo la rangi mkononi. Alipita kiwanja cha kwanza bila kusimama, akapita cha yule mzee wa mahindi, hakusimama. Alipofika kwa Protasi aliinama, akapuliza rangi kwenye nyasi, kando kabisa ya gurudumu. Ulikuwa msalaba mwekundu. Yule mtu akasalimu kwa kichwa, akaenda zake.

Kikombe kilimponyoka Protasi.

"Pandeni garini," alisema.

"Baba Ange, kuna nini?"

"Pandeni!"

"Maharage yako motoni! Wifi yuko njiani. Mpigie basi umwambie."

Protasi alitoa simu. Milima ilikuwa imekula mtandao wote. Aliirudisha mfukoni.

"Basi kamuulize yule mtu anachofanya," Kostansia alimsihi. "Hajaenda mbali."

"Ukimuuliza mtu mwenye kopo atakujibu nini? Atakujibu ameagizwa."

Alichomoa waya wa umeme, akampakia Ange kama mzigo, akamvuta mkewe ndani na kuliondoa gari kwa kishindo. Sufuria ilipinduka. Viti vilianguka. Mpira wa maji alikuwa ameusahau, ukang'oka pamoja na kichwa cha bomba, na maji yakaruka juu kama chemchemi. Wazee wa Kizungu walisimama wakishangaa. Protasi hakuona hata kimoja kati ya hayo, kwa kuwa macho yake yalikuwa getini.

Barabara ya milimani ilikuwa ya kona tupu. Vyombo viligongana kabatini, na Kostansia alikaa na mwiko mkononi, maana hakupata nafasi ya kuuweka chini. Ange ndiye aliyezungumza, tena kwa Kiingereza, lugha anayoikimbilia akiwa na hofu. Aliuliza wanamkimbia nani.

Protasi alitazama kioo. Nyuma yao hapakuwa na kitu ila barabara na miti. Alifungua kinywa ajibu, akatafuta jina, hakulipata. Aliona aibu mbele ya mtoto wake, lakini mguu wake ulikataa kuachia mafuta.

Alisimama kwenye kituo cha mafuta katika mji uliofuata, na hapo simu ikaamka ikaanza kulia. Ilikuwa namba ngeni. Akapokea.

"Kaka!" Alikuwa Jovini. "Natumia simu ya ofisi ya kambi. Uko wapi? Uko mzima?"

"Mzima. Dada amefika?"

"Amefika. Kaka, rudi."

"Amesemaje?"

"Hasemi. Rudi tu, uone mwenyewe."

Simu ilipokatika Protasi alibaki ameshika usukani. Alijua maana ya kimya cha Fides. Upande mmoja barabara ilielekea Louisville, pana na rahisi. Upande wa pili ilirudi kwenye msalaba mwekundu.

"Mimi sitasema mengi," Kostansia alisema polepole. "Ukienda nyumbani, nitakupikia na tutaishi. Lakini dada utakuwa huna."

Kila mfupa wa Protasi ulimwambia mahali palipotiwa alama harudi mtu. Hata hivyo, aligeuza gari, akaendesha taratibu njia nzima kama mtu anayejipeleka mwenyewe kituo cha polisi.

Walikuta kiwanja chao kimekuwa tope. Msimamizi alikuwa amekwisha kufunga maji. Maharage yalitapakaa juu ya nyasi, viti vilikuwa miguu juu, na kandambili moja ya Ange ilielea kwenye dimbwi. Protasi alianza kumwomba radhi yule mama na kumwahidi kwamba bomba atalilipa, lakini Jovini alimdaka kwa vicheko.

"Kaka, ni waya wa umeme! Wanachimba mtaro wa mabomba mapya, na waya umepita chini ya kiwanja chako. Wameweka alama ili wasiukate. Jana walikueleza! Lo, umekimbia waya!"

Protasi hakucheka. "Dada yuko wapi?"

Kicheko cha Jovini kikaisha. Alionyesha kwa kidevu gari lililokuwa limeegeshwa chini ya miti, vioo vimepandishwa.

Protasi aliliendea akiwa tayari kwa matusi, tayari hata kwa kofi. Alichungulia kiti cha mbele, hakumwona mtu. Akachungulia nyuma. Fides, yule dada aliyeogopwa na ukoo mzima, alikuwa amejikunyata chini, kati ya viti, mkoba ameukumbatia kifuani, milango ameifunga yote. Alipoona uso wa mdogo wake kiooni hakuamini. Ilichukua muda mkono wake kufika kwenye kitasa.

"Walikupeleka wapi?" aliuliza.

"Nani, dada?"

"Niliona alama. Nikaona chungu kimepinduka, na ndala ya mtoto. Nikasema wamekuja tena, na safari hii wamekuchukua wewe. Jovini alisema amekupata kwa simu, sikusadiki."

Protasi alipiga magoti kwenye nyasi. Sasa ndipo alipoelewa alichokifanya. Hakuna lori lililokuja asubuhi ile. Ni yeye aliyepindua chungu, yeye aliyeacha ndala, na dada yake amekuta kambi ileile ikimsubiri.

"Hawakunichukua," alisema, na machozi yakamtoka bila kuyazuia. "Nilikimbia mwenyewe. Nisamehe."

Fides alimshika kichwa kwa mikono miwili. "Na mimi miaka yote hii nakuita mwoga," alisema. "Nakutukana, kumbe ningekuwa na gari lenye kitanda ningekimbia kukupita."

Walilia, tena kwa sauti, na wazee wa Kizungu kwa adabu yao wakageukia kwingine. Mmoja alikuja baadaye na koleo, akawasaidia kuzoa tope bila kuuliza neno.

Alasiri hiyo waliganduka. Jovini alitoa ndoo ya pombe ya mtama aliyopikiwa na mama mmoja Mrundi wa Columbus, wakapokezana mirija, na Ange akapewa soda. Ukungu ulikuwa umepanda na mlima ulionekana wote hadi kileleni. Protasi alisimama karibu na ule msalaba mwekundu, wala hakutazama lilipo geti.

"Mama," alisema, "tumekulilia vya kutosha. Watoto wako tupo hapa sote, hakuna aliyebaki njiani. Nenda kwa amani, nasi tutakaa kwa amani."

"Amina," wakaitika.

Walipoketi kunywa, utani ulimrudia Jovini. "Lakini nyinyi wawili," alisema akitikisa kichwa, "watu wazima! Rangi tu ya mafundi, mmoja anang'oa bomba, mwingine anajificha chini ya kiti!"

Protasi alitabasamu kidogo. Fides aliweka mrija chini, akamtazama mdogo wake kwa upole ambao haukuwa desturi yake.

"Wewe siku ile nilikuwa nimekubeba mgongoni, Jovini," alimwambia. "Ulichokiona ni kisogo changu tu."

Jovini aliinama, akautazama ule msalaba kwenye nyasi, kisha akasogeza kiti chake katikati yao.

Kwa hiyo, ukimwona mtu mzima akikimbia kitu ambacho wewe unakiruka tu ukaendelea na safari, usifanye haraka kumcheka, uliza kwanza jeraha lake liko wapi. Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka.