Kengele ya Meli ya Mvuke

Rwegasira, tajiri wa Bukoba, alikuwa na wazimu wa kukusanya vitu vya meli kuukuu. Siku moja alifika na mwenyekiti wa mtaa kwa Kokubanza, mjane, kudai kengele ya meli iliyoning'inia mlangoni.

"Meli ile niliinunua mimi. Chochote kilichotoka humo ni changu!"

"Hata chenye roho, bwana?"

"Hata chenye pembe! Mwenyekiti, wewe shahidi."

Kokubanza akaifungua kengele, akamkabidhi. Kisha akaita, "Mama mkwe, fungasha! Mwenyewe amekuja."

Akatoka kikongwe na godoro kichwani, akinung'unika kuwa hajapewa chai.

"Huyu alizaliwa ndani ya meli hiyo," alisema Kokubanza.

Rwegasira akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama dari. Tajiri akaitua kengele, akatoka mbio.

"Bwana!" kikongwe alimkimbilia. "Umenisahau!"