Mkataba wa Kunyamaza

Palikuwa na Wakili Mwanakheri, mwenye ofisi ya chumba kimoja. Wakulima wa mkonge walitaka wakili mwenyeji kwa kesi ya mpaka wa mashamba yao, ndipo Kimweri, bosi wa mawakili thelathini mjini, akaja kutaka washirikiane.

"Wewe utakaa tu, binti. Ukifungua mdomo mbele ya wakulima, kazi yote ni yangu."

"Sawa, mzee. Niandike?"

"Andika."

Kimweri akasaini bila kusoma, akidhani yaliyoandikwa ni masharti yake tu.

Mkutanoni mkulima akauliza, "Mto wa mpakani ulihama lini?"

Kimweri akamgeukia Mwanakheri. "Mjibu basi, mwanangu."

Mwanakheri akafungua mkataba kimyakimya, akamwonyesha mstari wa mwisho aliouongeza yeye: atakayemwamuru mwenzake aseme, anamwachia kazi yote. Kisha akawageukia wateja wake.

"Mwaka wa mafuriko, wazee wangu."