Kochi la Tajiri Shebughe

Tajiri Shebughe aliteremka kutoka milimani, akajenga pwani, kisha akatangaza kwamba ataifyeka mikoko yote ya kijiji.

"Haina thamani hata ya shilingi, na inanizibia bahari!"

Bi Nyamvula, aliyefuga nyuki mle mikokoni, hakubisha. "Anza na ya mbele ya sebule yako, bwana mkubwa. Bahari utaiona ukiwa kwenye kochi. Mwezi ukiandama, ukiitaka na ya kwetu, tutakukatia wenyewe."

Tajiri akafyeka mbio mbio.

Mwezi ukaandama, maji makuu ya bamvua yakajaa. Bahari ikaingia sebuleni, ikatoka na kochi.

Tajiri alimjia Bi Nyamvula suruali ikichuruzika. "Ya kwenu msiiguse! Niuzie miche. Bei gani?"

"Lile kochi ulilinunua bei gani?"

"Milioni sita!"

"Basi ndiyo bei ya mche mmoja."