Pimbi na Togwa ya Bibi Nyamizi

Hadithi yangu iko mlangoni, inapiga hodi!

Ipite ndani, tukae nayo!

Imekuja na njaa au imekuja na kiu?

Imekuja na kiu!

Basi sogeeni, na wewe mwenye kikohozi kaa huku karibu nami. Zamani, zamani hasa, wanyama walipokuwa wakialikana harusini, kulikuwa na Pimbi mmoja aliyekaa kwenye mawe juu ya mto. Alikuwa mdogo, hata mkia hakuwa nao. Lakini alikuwa na shoga mkubwa, Mama Kabula, nyati wa bondeni. Walipendana sana hao. Mmoja akiugua, mwingine hali.

Siku moja Mama Kabula alipanda mpaka kwenye mawe, akihema.

"Shoga, Kabula wangu anaolewa."

"Ee! Na nani?"

"Na kijana wa ng'ambo ya mto. Mjukuu wa Bibi Nyamizi."

Bibi Nyamizi nani asiyemjua? Alipokuwa msichana alivuka mto kuja harusini upande huu. Akakaa tangu asubuhi mpaka jua linazama. Pombe kali ikapita mbele yake, ikarudi, ikapita tena. Yeye pombe hanywi. Hakuna aliyemuuliza, hakuna aliyemletea hata maji. Akarudi kwao na koo kavu, na tangu siku ile nyati wa pande mbili hawakutembeleana.

"Ameleta ujumbe," Mama Kabula akasema, na machozi yakamlenga. "Anasema atakuja. Lakini akikaa na koo kavu mara ya pili, anaondoka na mjukuu wake, harusi hakuna. Mapishi nitayaweza, shoga. Vinywaji nakuachia wewe."

"Mimi? Na udogo huu?"

"Wewe. Sina mwingine ninayemwamini hivyo."

Pimbi akakubali. Lakini usingizi ukamruka siku hiyo, maana wageni walikuwa wengi, wakubwa kwa wadogo, na yeye hajawahi kuandaa kinywaji cha zaidi ya watu sita. Akaona njia ni moja tu, kwenda kuuliza. Akashika njia huku akiimba, nanyi mwimbe nami:

*Nani anywa nini, nani anywa nini?*
*Mkubwa kwa mtungi, mdogo kwa kifuu,*
*Niambie, mwenzangu, nani anywa nini?*

Akafika kwa Kiboko. "Shikamoo, mzee. Siku ya harusi utakunywa nini?"

"Marahaba, mwanangu. Pombe ya mtama. Mtungi mzima, na usinipe kata, inapotea mdomoni."

Akafika kwa Twiga. "Dada Twiga, utakunywa nini?"

"Maji ya ukwaju, mpenzi. Kidogo tu. Lakini niwekee juu, kuinama mbele za wakwe naona aibu."

Akafika kwa Kanga. Kanga alikuwa na vifaranga sitini, wanapiga kelele kama mvua juu ya bati.

"Mama Kanga, nyinyi mtakunywa nini?"

Kanga akashangaa. "Sisi? Harusini huwa tunangoja kinachomwagika chini."

"Safari hii hamngoji. Niambie."

"Basi watoto wanapenda togwa," Kanga akasema polepole, kana kwamba anaogopa kuomba makubwa. "Tunayo makombe ya konokono, kila mmoja na lake."

Njiani Ngedere akamwona, akacheka mpaka akakaribia kuanguka tawini. Ngedere ndiye aliyepewa kazi ya kurina asali kwa ajili ya pombe ya asali.

"Dada Pimbi, unatembea mlango kwa mlango kama mwuza mboga! Harusi ni pombe. Jaza mitungi, anayetaka anywe, asiyetaka shauri yake."

"Ndivyo walivyofanya zamani," Pimbi akajibu. "Na Bibi Nyamizi akarudi na kiu yake."

Akabaki huyo Bibi Nyamizi sasa. Hakuna aliyejua anakunywa nini. Pimbi akateremka mpaka mtoni, akayatazama maji. Pimbi na maji mengi, wapi na wapi! Mzee Kiboko akatoa kichwa.

"Unataka kuvuka, mwanangu? Panda mgongoni. Fumba macho, ng'ang'ania sikio."

Akavuka huku macho ameyafumba, na sikio la Kiboko amelishika kwa nguvu zote. Akamkuta Bibi Nyamizi amekaa mbele ya nyumba yake, pembe zimechakaa, meno yamebaki mawili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani wewe, mbona umelowa hivyo?"

"Mimi Pimbi, bibi. Ndiye wa vinywaji kwenye harusi ya mjukuu wako. Nimekuja kukuuliza unakunywa nini."

"Umevuka mto kwa ajili ya hilo tu?"

"Ndiyo, bibi."

"Tangu afe mume wangu hakuna aliyeniuliza swali hilo." Akageuza uso pembeni, akafuta jicho kwa mkia. "Nakunywa togwa, mjukuu wangu. Togwa ya uwele, isiyo baridi wala moto. Na bakuli liwe pana, pembe zisigonge."

Pimbi akarudi. Akaotesha kimea siku tatu, akakianika, akakitwanga. Akapika uji wa uwele, akauacha upoe, akautia unga wa kimea, akaufunika. Kesho yake ikawa togwa tamu ya kulamba vidole. Akajaza makombe sitini ya watoto wa Kanga, akayapanga kwenye majani. Iliyobaki akaitia kwenye mtungi mmoja wenye kifuniko. "Huu wa Bibi Nyamizi," akawaambia wote. "Usiguswe."

Asubuhi ya harusi, watu walikwenda mtoni kuwapokea wageni. Bandani kwenye vinywaji akabaki Ngedere peke yake, alinde.

Akauangalia ule mtungi. Akafunua, akachovya kidole kimoja, akalamba. Mh! Akafunika.

Akafunua tena, akachota kata moja. Mh! Mh! Akafunika.

Mara ya tatu hakufunika. Aliuinamisha mtungi wote mdomoni, akanywa mpaka tumbo likamkaza. Alipoona mtungi mtupu, hofu ikamshika. Akaujaza maji, akakoroga humo udongo wa kijivu, akarudisha kifuniko vizuri, akapanda mtini.

Ngoma zikalia. Wageni wakaketi. Kiboko akapewa mtungi wake, Twiga akatundikiwa kibuyu chake juu ya mti. Bibi Nyamizi akakaa mbele kabisa, na mjukuu wake ubavuni. Mama Kabula akamtazama Pimbi. Pimbi akachukua bakuli pana, akaenda kwenye mtungi, akamimina. Kabla ya kuinua akaonja, kama mpishi yeyote anavyoonja.

Matope!

Akatazama huku, akatazama kule. Kupika togwa nyingine ni mpaka kesho. Bibi Nyamizi alikuwa ameshaanza kulamba midomo yake mikavu.

Pimbi akakimbilia kwa Kanga. "Mama Kanga, mtungi wa bibi umechafuliwa. Sina kitu cha kumpa."

Kanga hakuuliza nani wala vipi. Aliwageukia wanawe. "Watoto, yupo bibi ana kiu. Nani atampa nusu yake?"

Mmoja akasema, "Mimi." Mwingine akasema, "Na mimi." Mdogo kuliko wote, aliyekuwa ameshakunywa robo, akasema, "Achukue yote, mimi bado natafuna wali."

Wakapanga mstari. Mmoja baada ya mwingine wakamimina bakulini, na Pimbi akaimba kwa sauti ya chini, imbeni naye:

*Nani anywa nini, nani anywa nini?*
*Mkubwa kwa mtungi, mdogo kwa kifuu,*
*Niambie, mwenzangu, nani anywa nini?*

Bakuli likajaa. Pimbi akalibeba mpaka mbele ya bibi kizee, na vifaranga sitini wakamfuata nyuma, maana walitaka kuona.

Bibi Nyamizi akanusa. Akainama. Pembe hazikugonga. Akanywa fundo la kwanza, akatulia. Akanywa la pili. La tatu lilipopita, akafumba macho.

"Uwele," akasema. "Na uvuguvugu wake ndio huu." Kisha akafumbua jicho moja. "Lakini mbona togwa yangu inakuja na msafara wa watoto?"

Pimbi angeweza kusema ndiyo desturi yetu. Hakusema hivyo. Alimweleza yote, mtungi, matope na makombe ya konokono, na mwisho akasema, "Tusamehe, bibi. Nilikuandalia, ikanyweka."

Mama Kabula akashika kifua.

"Masikini huyo aliyeinywa," Bibi Nyamizi akasema, anasikitika kabisa. "Togwa iliyoandaliwa kwa jina langu ina mambo yake. Mtu mwingine akiinywa, midomo humwasha. Itakuwa imeshaanza."

Watu wote wakatulia, mikono chini. Juu ya mti tu ndiko kulikosikika kwaru, kwaru, kwaru. Wakainua macho. Ngedere alikuwa anajikuna midomo kwa mikono miwili!

Vicheko vilivyotoka hapo, Kiboko alimwaga pombe yake. Ngedere akateremka, kichwa chini.

"Bibi, nisamehe. Nilitaka kuonja tu."

"Uliionja mpaka ukaimaliza," bibi akasema. "Haya. Watoto hawa wamenipa chao. Nenda mtoni, uwaletee maji ya kunywa. Kwa kombe la konokono, moja moja, sitini."

Akaenda, akarudi, akaenda, akarudi. Alipomaliza, jua limeelekea magharibi na miguu haina nguvu. Bibi Nyamizi akamwita, akamsogezea bakuli.

"Nimekubakizia fundo moja. Hili nimekupa mwenyewe, halitakuwasha."

Ngedere akalinywa, akalia. Halafu bibi kizee akasimama, akamshika Kabula mkono. "Mwanangu, twende nyumbani kwako. Na mama yako na huyu Pimbi waje mwezi ujao, safari hiyo mimi ndiye nitakayeuliza wanakunywa nini."

Wakaenda, wakaulizwa, wakanywa. Njia ya mtoni ikawa pana kwa kukanyagwa.

Funzo lake ni hili, wanangu. Ukimwalika mtu, usimjazie tu mtungi. Muulize, na aliye mdogo muulize pia. Na cha mgeni usikiguse, hata kama umeachwa nacho peke yako.

Hadithi yangu nimeikunja, nimeikalia. Anayeitaka tena aje aniinue!