Bwawa la Mama Nyemo na Watatu Waliokataa

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali maana simu zilikuwa tayari mifukoni, pembezoni mwa mji wa Dodoma aliishi mjane aliyeitwa Mama Nyemo. Mumewe alimwachia nyumba ya wageni, shamba dogo la mizabibu na bwawa la kuogelea. Mchana bwawa lilikuwa la wageni. Lakini asubuhi, kabla jua halijawa kali, Mama Nyemo aliwafungulia watu ambao miguu yao ilikuwa imewagomea: waliopooza upande mmoja, waliovunjika nyonga, waliopata polio utotoni. Hakuwatoza kitu. Alisema katika nchi kavu kama ile, mtu hawezi kuwa na maji mengi vile halafu akayatazama tu.

Miongoni mwao alikuwamo Yudita, fundi cherehani. Nje ya maji Yudita alikaa kwenye kiti cha magurudumu. Ndani ya maji alisimama. Msilipite neno hilo haraka. Ndani ya maji Yudita alisimama, akatembea kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, na akifika alicheka peke yake.

Sasa, bwawa lile lilikuwa na mashine ya chumvi. Chumvi ilitiwa kidogo tu, hata ulimi uliisikia kwa mbali. Maji yakipita kwenye mashine, katikati ya mabamba yenye umeme, chumvi ile ilizaa klorini ya kuua vijidudu. Lakini mashine ya namna hiyo ina tabia yake. Kila ikifanya kazi, maji yanapoteza uchachu na kuelekea upande wa magadi. Ukiyaacha, klorini inakuwamo lakini haina nguvu, na chokaa ya maji ya kisima inaganda kwenye mabamba kama inavyoganda ndani ya birika la chai. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kupima maji na kuyarudisha kwa tindikali, kidogo kidogo. Mtu huyo alikuwa Sechelela. Kazi hiyo aliisomea chuoni, na kipimo alichotumia kilikuwa mali yake mwenyewe.

Ikawa nyonga ya Mama Nyemo ikaharibika, akapelekwa Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji. Nyumba na bwawa akamwachia shemeji yake, Lenjima.

Lenjima hakuwa mwizi wala mlevi. Alikuwa mtu wa haraka. Alitazama bwawa likitumiwa bure kila asubuhi akaona huo ni ujinga. Yeye alitaka harusi, muziki, wageni wa kuruka majini na nguo zao za sherehe. Sechelela alipomwomba tindikali, alijibu kwamba tindikali ni ya betri za magari. Sechelela akaomba tena, akaomba tena, kisha akachoka. Maji yakapauka. Baadaye kona zake zikaanza ukijani, na wagonjwa wakawa wanatoka na macho mekundu.

Lenjima akasema mashine imekosa chumvi. Akachukua gunia akamimina mwenyewe. Mashine ikajizima. Akaleta magunia mengine, akamwita Sechelela ayamimine. Sechelela akaenda, akayatazama yale magunia, akakaa juu yake.

"Mzee, chumvi imezidi, ndiyo maana mashine imejizima," akasema. "Ukiongeza tena utaiua kabisa. Mimi simimini."

"Hapa nani anatoa amri?"

"Wewe, mzee. Na anayekataa ni mimi."

Akafukuzwa kazi palepale. Akavaa viatu, akachukua kipimo chake, akatoka bila kugeuka nyuma. Lenjima akamwita mtunza bustani. Mtunza bustani akasema kama Sechelela aliyesomea amekataa, yeye wa kumwagilia mizabibu ataanzia wapi. Magunia yakabaki yalipo.

Huyo alikuwa wa kwanza kukataa.

Lenjima alikuwa ameshapata harusi ya kwanza. Akasafiri kwenda Kondoa kumaliza mazungumzo na upande wa bibi harusi, akaacha amri kwamba akirudi akute maji ya buluu.

Katika wale wa asubuhi kulikuwa na bibi mmoja aliyepata kiharusi, na mwanawe ndiye aliyemleta kila siku. Mwana huyo ni Chibago, mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari. Siku zote alikuwa akikaa kivulini akisahihisha kazi za wanafunzi, mamake akiwa majini. Siku alipomwona mamake ametoka na macho yamevimba, aliweka kalamu chini. Mlinzi akamkumbusha kwamba Mzee Lenjima amekataza mtu yeyote kugusa mashine. Mwalimu akamwambia aende akamshtaki, kisha akaifungua.

Mabamba yalikuwa meupe kwa chokaa, hayaonekani. Akayaloweka kwenye maji yenye tindikali kidogo iliyosalia kwenye dumu, chokaa ikachemka povu ikatoka. Ili chumvi ipungue, akafungulia sehemu ya maji ya bwawa yaende korongoni kwenye mawe, akawaonya wasiyaelekeze kwenye mizabibu maana chumvi ingeikausha. Pengo lile akalijaza kwa maji ya mvua kutoka tangi la nyuma ya nyumba. Sasa ikabaki kuyarudisha maji yenyewe kwa tindikali, na hapo akakwama. Tindikali kiasi gani? Hakuwa na kipimo. Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo, na mwenye funguo za maabara alikuwa ameenda kwao.

Akaenda nyumbani kwa Sechelela. Akabisha hodi, akakaribishwa, akaeleza shida yake kwa heshima zote. Sechelela akamsikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, wewe ulikuwa kivulini pale nilipokuwa nimekalia yale magunia," akasema. "Uliniona. Hukufungua mdomo. Kipimo nacho kimefukuzwa kazi pamoja na mimi."

Mwalimu akarudi mikono mitupu. Akapiga hesabu kwa kukisia, akanunua tindikali mjini, akaitia. Na kwa sababu alikuwa na haraka, aliitia nyingi. Siku ya harusi ilipofika, maji yalikuwa maangavu, ya buluu, unaona hadi vigae vya chini. Kila aliyepita alisema mwalimu ameliponya bwawa.

Asubuhi hiyohiyo mwenye funguo za maabara akarudi. Mwalimu akakimbilia shuleni, akachukua karatasi za kupimia, akachovya moja majini. Ikawa nyekundu kama pilipili. Tindikali ilikuwa imezidi. Maji yale mazuri yangemchoma mtu macho na ngozi.

Lenjima akafika akiwa na furaha. Mwalimu akamfuata, akamwonyesha karatasi, akamwambia bado. Aahirishe hadi kesho. Yeye atatafuta magadi soda ayarudishe maji taratibu. Lenjima akasema wiki nzima wamelia kwamba maji ni machafu, leo ni masafi wanalia tena. Mwalimu akasema bado. Lenjima akasema wageni wako njiani. Mwalimu akasema hata wakiwa mlangoni, jibu ni bado.

Huyo alikuwa wa pili kukataa. Lakini kukataa kwake hakukufunga geti. Alilazimika kwenda mjini kuyatafuta hayo magadi soda, na alipoondoka, aliyebaki getini alikuwa Yudita.

Yudita hakujua chochote kuhusu chokaa wala tindikali. Alichokuwa amesikia kwa mwalimu ni neno moja tu, bado. Akasogeza kiti chake hadi katikati ya geti la bwawa, akakifunga breki, akasubiri.

Wageni wakaja alasiri na ngoma na vigelegele. Lenjima akiwa mbele akamwambia Yudita apishe. Yudita akasema hapiti mtu. Akabembelezwa, akasema hapiti mtu. Baba wa bibi harusi akauliza huyu ni nani, kwa cheo gani, na Yudita akamwamkia vizuri, shikamoo baba, kisha akasema hapiti mtu. Lenjima akawaita vijana wawili wakibebe kile kiti wakisogeze pembeni.

Wakati wanainama, Yudita akajishusha. Akatelemka kutoka kwenye kiti mpaka chini, akajivuta kwa mikono, akalala kukingama geti zima, vumbi likamshika kwenye gauni na kwenye nywele.

"Kiti bebeni," akasema. "Sasa nirukeni mimi."

Ngoma ikanyamaza. Hakuna aliyenyanyua mguu. Kisha bibi harusi mwenyewe akasogea mbele. Akamtazama yule mwanamke aliyelala mavumbini. Akakusanya pindo za shela lake, akasema kwamba yeye haanzi ndoa kwa kumruka mtu, akageuka. Wakamfuata wote. Harusi ikachezwa kwenye uwanja wa nyumba ya wageni, na hakuna mtu aliyelowa.

Mwalimu aliporudi alitia magadi soda kidogo, akapima, akatia, akapima, na mashine ikawashwa. Maji yakakaa sawa. Asubuhi zilizofuata wagonjwa wakaingia, wakatoka, na macho yao yalikuwa meupe.

Mama Nyemo akarudi akitembea kwa gongo. Kila mtu alimsimulia kwa namna yake, naye akasikiliza wote, hata Lenjima. Lenjima akarudishwa kwake, bila matusi. Kisha mjane akawaita wale watatu kando ya maji, akatoa ufunguo wa geti.

Akawaambia kwamba yeye sasa ni mtu wa gongo na hatakuwepo kila siku. Atakayeshika ufunguo huo ndiye atakayeamua bwawa lifunguliwe lini, lifungwe lini, na nani aingie. Hataamriwa na shemeji, wala mgeni, wala yeye Mama Nyemo mwenyewe. Na hataki kamati. Watu watatu wakishika ufunguo mmoja, alisema, siku ya shida kila mmoja atadhani uko kwa mwenzake.

Sechelela akasema ufunguo ni wake. Alikataa wakati hakuna mwingine aliyekataa, akaipoteza kazi yake. Kama angeyamimina yale magunia, mashine ingekufa, na mwalimu angekuta nini cha kuponya?

Mwalimu Chibago akasema ufunguo ni wake. Kukataa peke yake hakusafishi maji. Wangekalia magunia na kulala getini hadi leo, na bwawa lingekuwa la vyura. Yeye ndiye aliyeijua dawa, akagusa mashine iliyokatazwa.

Sechelela akamkatiza. Akamkumbusha kwamba dawa yake ilikaribia kuwaunguza watu.

"Kwa sababu wewe ulininyima kipimo," mwalimu akajibu. "Hasira zako ndizo zilizotia ile tindikali. Mimi nilikuwa mkono tu."

Sechelela hakuona haya. Akasema ndiyo, alimnyima, na angemnyima tena leo. Mtu aliyemtazama mwenzake akifukuzwa kwa kusema kweli, halafu akaja kuazima vifaa vyake, hana haki ya kulalamika.

Mama Nyemo akamgeukia Yudita, aliyekuwa akitazama maji. Akamuuliza kama alijua kwamba maji yale siku ile yalikuwa na hatari. Yudita angeweza kudanganya. Hakudanganya.

"Mama, mimi sikuyajua maji," akasema. "Nilijua kwamba wakiingia wao, sisi hatutaingia tena. Siku ile ningezuia hata kama maji yangekuwa ya kunywa. Ufunguo nautaka, na sitaki kupewa kwa huruma. Wao wana miguu, wakinyimwa hapa watasimama kwingine. Mimi sina pengine pa kusimama."

Mwalimu akasema kwamba ufunguo wa maji hauwezi kushikwa na asiyeyajua maji. Sechelela akasema kwamba mlango hauwezi kushikwa na mtu ambaye angeuzuia hata kama maji yangekuwa salama. Yudita akawajibu wote wawili kwamba siku ile, mwenye kuyajua maji alikuwa mjini na mwenye kipimo alikuwa kwake amekaa, na waliokuja na ngoma walimkuta yeye.

Mama Nyemo akawatazama mmoja baada ya mwingine. Akaegemea gongo lake, akanyoosha mkono wenye ufunguo, na mmoja wao akaupokea.

Mimi namjua aliyeupokea, na simtaji, maana wawili waliokosa wanasema hadi leo kwamba walidhulumiwa, na nikiwasikiliza nashindwa kuwajibu. Jibuni ninyi mliokaa hapa. Aliyekataa kwanza akanyima kipimo, aliyeponya maji akakaribia kuwaunguza watu, au aliyelala getini bila kujua analinda nini: ufunguo ule ulikuwa haki ya nani?