Sefu ya Mzee Kiboko na Bangili Saba

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakioana na kudhulumiana kama sisi, kulikuwa na mjane akiitwa Bi Nguchiro. Mwili mdogo, miguu myepesi, na makucha yanayochimba kama jembe jipya. Alikuwa na binti mmoja, Mwanaidi, na bangili saba za fedha alizoachiwa na bibi yake.

Kwao msichana hatoki kwenda kwa mume bila bangili za bibi. Akienda mikono mitupu, wakwe wanamrudisha. Ndiyo desturi yao, mimi sikuitunga.

Sasa sikilizeni. Kila kiangazi moto ulipita nyikani, na wote wanaoishi mashimoni walihama. Vitu vyao vya thamani waliviacha kwa Mzee Kiboko, kwa sababu nyumba yake ilikuwa kando ya mto na moto haukufika. Hakuna aliyeandika, hakuna aliyeita shahidi. Kumkabidhi mtu amana mbele ya shahidi kulihesabiwa ni kumtukana. Ukirudi, unachukua chako, unamwachia kibaba cha mtama cha shukrani, basi.

Mwaka huo Bi Nguchiro alirudi na kibaba chake mkononi. Kiboko akamtazama kama hajapata kumwona.

"Bangili gani?"

"Zile saba, Mzee. Moja imepinda. Nilikukabidhi zimefungwa kwenye kitambaa cheupe."

"Sikuona bangili wala kitambaa. Kaulize huko ulikopita."

Bi Nguchiro akaenda kushtaki kwa mwenyekiti wa kijiji, Korongo. Kiboko akaitwa, na mbele ya kijiji kizima akaapa: "Bangili za huyu mama sijapata kuziona. Hata mkiniwekea hapa mbele, sitazijua."

Korongo akaulizia shahidi. Shahidi hakuwepo. Kesi ikaisha hapo, na harusi ya Mwanaidi ilikuwa imebakiza siku tisa.

Bi Nguchiro hakulia. Ukimlilia mtu mwenye uzito wa magunia arobaini, unajilowesha mwenyewe. Alijua bangili zimo ndani ya nyumba ile. Tatizo, Kiboko alikuwa akizihamisha kila siku: leo mtungini, kesho darini, keshokutwa chini ya kitanda. Aliyedhulumu hauamini hata mtungi wake. Ilibidi apatikane wa kumfanya azitulize bangili mahali pamoja.

Asubuhi ya pili akapita mtoni. Kiboko alikuwa akiota jua.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja tena?"

"Napita tu. Hivi mlango wako una komeo moja tu?"

Kiboko akafumbua jicho moja. "Kwa nini unauliza?"

"Sina sababu. Hata Fisi aliniuliza hivyo hivyo jana."

Akaenda zake, mkia juu. Kiboko akautazama mlango. Akamtazama Fisi aliyekuwa akinywa maji ng'ambo. Akamtazama mkewe. Kwa namna alivyokuwa siku ile, hata kivuli chake alikipisha kwanza ili akione vizuri.

Kabla ya saa sita alikwisha kumwita Fundi Kakakuona, mhunzi. "Nataka sefu. Kasha la chuma ambalo hata mimi mwenyewe siwezi kulivunja."

Siku ya tatu Fundi akaja na sefu tatu juu ya mkokoteni. Nyuma yake, na kikapu cha misumari kichwani, Bi Nguchiro.

"Huyu anafanya nini kwangu?" akauliza Kiboko.

"Ananishikia misumari," akasema Fundi. "Mama ana harusi, anatafuta kibarua."

"Namwangalia."

"Mwangalie, Mzee. Macho ni yako."

Fundi akapangusa sefu ya kwanza. "Hii inafunguliwa kwa namba. Huna haja ya ufunguo."

"Namba kaziweka nani?"

"Mimi."

"Kwa hiyo unazijua."

"Nitazisahau."

"Utazisahau mpaka siku ukiwa na njaa. Lete nyingine."

Sefu ya pili ilikuwa nene pande zote sita, imepigwa ribiti, ile misumari ya kubana chuma, imejaa kama magamba ya fundi mwenyewe. Ufunguo mmoja. Kiboko akarudi nyuma hatua kumi, akaijia kichwa kichwa: gudum! Sefu haikubonyea. Kiboko ndiye aliyekaa chini.

"Chukua hii, Mzee," akasema Bi Nguchiro polepole. "Ina mgongo wa chuma. Hakuna mahali pa kuingilia."

Kiboko akageuka. "Na wewe inakuhusu nini nichukue ipi?"

"Hainihusu. Nakwambia ukweli tu."

"Wewe nilikushinda kesi juzi. Leo unanitakia mema?" Akaizunguka sefu, akiinusa. "Fundi, huu mgongo ameupiga ribiti nani?"

"Mimi na vijana wangu."

"Basi wewe na vijana wako mnajua ribiti ipi imelegea. Na huyu ameshaambiwa, ndiyo maana ameishikilia. Lete ya tatu."

Fundi akajikuna magamba. "Ya tatu haina mgongo, Mzee. Ina mlango mnene kuliko zote, vitasa vitatu, ufunguo mmoja. Lakini hii ni ya kuchimbiwa ukutani. Ukuta wa mwenye nyumba ndio unakuwa mgongo wake."

"Ukuta wangu?"

"Ukuta wako."

"Mzee, usichukue hiyo," akasema Bi Nguchiro. "Ukuta ni udongo."

Hapo ndipo alipomgusa. Kiboko alivimba mpaka mkokoteni ukasogea. "Udongo! Ukuta ule nimeukandika mwenyewe, kwa tope langu, kwa mwili wangu huu. Hakuna fundi aliyeushika, hakuna kijana aliyeingia. Katika nyumba hii kitu pekee ninachokiamini ni ukuta wangu. Teremsha ya tatu."

"Mimi nimesema," akasema Bi Nguchiro.

"Umesema. Sasa shika misumari yako."

Sefu ikachimbiwa ukutani chumbani. Kiboko akawafukuza wote, mke pia. Akaweka vitu vyake, akafunga: kaka, kaka, kaka. Ufunguo akauvaa shingoni. Kuanzia siku ile kila asubuhi aliifungua akatazama, akaifunga, kisha akaweka kiti mbele ya mlango wa sefu na kuukodolea macho. Chakula aliletewa hapo hapo. Mlango uliangaliwa vizuri, siwezi kumsingizia.

Asubuhi ya harusi alitazama, bangili zote saba zimo. Akafunga, akakaa. Jua lilipopanda, sauti ikaanza.

Kwaru. Kwaru kwaru.

Mkewe, aliyekuwa akimenya mihogo kizingitini, akainua kichwa. "Bwana, kuna kitu kinakwaruza."

"Mlango haujaguswa. Nauona."

"Sauti inatoka nyuma."

"Nyuma? Wewe umejuaje mambo ya nyuma?"

"Nina masikio, Bwana. Toka nje uzunguke, utazame ukuta."

"Nitoke niwaache wewe na sefu."

"Basi fungua utazame ndani."

"Nifungue ukiwa umekaa hapo na kisu?"

Mkewe akachukua muhogo mwingine. "Haya," akasema. "Kaa." Akaendelea kumenya mihogo yake.

Kwaru kwaru. Kwaru. Kisha kimya.

"Unaona?" akasema Kiboko. "Wameshindwa."

Alasiri wakaenda harusini, ufunguo ukining'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Kiboko hakosi penye pilau, hata kwa mtu aliyemdhulumu. Akakaa mbele, pembeni ya mwenyekiti Korongo, mbele ya sinia.

Ngoma zikapigwa. Bibi harusi akatolewa.

Cheleng. Cheleng, cheleng.

Kiboko akaacha kutafuna. Mwanaidi alikuwa amenyoosha mikono mbele ya mama mkwe, na mikononi bangili za fedha. Tatu kulia, nne kushoto. Moja imepinda.

Mkono wa Kiboko ukaenda kwenye ufunguo. Ufunguo upo. Akatazama tena bangili. Nazo zipo.

"Bangili hizo!" akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. Ngoma zikanyamaza.

Korongo akamgeuzia shingo yake ndefu. "Zina nini, Mzee? Unazijua?"

Watu wote wakamtazama. Wale wale waliokuwepo siku ya kiapo, hata mmoja hakukosekana. Bi Nguchiro alikuwa amesimama na bakuli la kachumbari, anangoja.

Kiboko akafungua kinywa, na mnajua kinywa chake kilivyo. Aseme ameibiwa? Aliibiwa nini? Akakifunga. Akakifungua tena.

"Zinampendeza," akasema.

"Ahsante, Mzee," akasema Bi Nguchiro. "Nikuongeze kachumbari?"

Mama mkwe akampokea Mwanaidi, vigelegele vikapigwa, na mke wa Kiboko akapiga cha kwake kirefu kupita vyote.

Kiboko alirudi nyumbani mbio, ardhi ikitetemeka. Akafungua vitasa vitatu, kaka, kaka, kaka, akavuta ule mlango mnene. Nyuma palikuwa na tundu, si kubwa kuliko kichwa cha nguchiro, na mwanga wa jua la jioni ukiingia. Kila kitu chake kilikuwepo. Ushanga wa mkewe upo, pembe ya ugoro ya baba yake ipo. Kitambaa cheupe tu ndicho kilichokuwa kimekunjwa vizuri, na juu yake kibaba cha mtama cha shukrani, kama desturi inavyotaka.

Mkewe akachungulia begani kwake. "Ukuta wako huo," akasema, akaenda kulala.

Hadithi nimeishusha hapa, atakaye aibebe: ukiikana amana ya mwenzio, hata sefu yako haitakusemea.