Mkalimani wa Bonde la Mikunazi

Wapokezi wa habari za kale wametusimulia kwamba mji wa Mashrafa ulitawaliwa na Sultani Ghalibu bin Mundhiri, mtu mwenye ndevu za hina na sauti ya upole, na mji wake ulijaa masoko na minara na majumba marefu yaliyoegemeana, na vichochoro vyake vilikuwa vyembamba hata watu wawili wanene wakikutana ilibidi mmoja arudi alikotoka, na kelele zake hazikunyamaza tangu alfajiri hata isha.

Katika mji huo aliishi Naufali bin Yasari, mkalimani wa Sultani, aliyejua lugha za Waajemi na Wahindi na Wahabeshi na Warumi, na hapana mjumbe aliyeingia barazani ila maneno yake yalipita kinywani mwa Naufali. Tena alikuwa hodari wa kulainisha: mjumbe akitukana, Naufali alitafsiri kuwa analalamika, Sultani akifoka, Naufali alitafsiri kuwa anashangaa. Kwa sababu hiyo alipendwa, akapewa nyumba yenye dari za nakshi na watumishi wa kumvua viatu.

Basi ikawa siku moja mfalme wa Barqani alikuja Mashrafa kufunga mapatano, na wafalme wawili wakaapa kwa kinywa cha Naufali kwamba watakuwa ndugu. Kisha mfalme wa Barqani akamvuta Naufali pembeni, akamtumia kuzungumza na nahodha mmoja Mhindi juu ya kununua panga za kuupiga Mashrafa. Na Sultani Ghalibu naye, kabla hata vyombo vya karamu havijaondolewa, akamtumia kuzungumza na Mwajemi juu ya kununua panga za kuipiga Barqani. Naufali alitafsiri huku na huku, akitabasamu. Aliporudi nyumbani mtumishi wake akamwambia, "Shikamoo bwana, umeshindaje?" naye akajibu maneno marefu matamu ya barazani, na mtumishi akabaki anamtazama asijue kama bwana wake ni mzima au ni mgonjwa. Hapo Naufali akatambua kwamba hata salamu yake imekuwa uongo.

Kulipokucha akaenda mbele ya Sultani, akabusu zulia, akasema, "Ewe Sultani wetu, Mungu akuzidishie umri. Nimekuja kuomba ruhusa niondoke mjini nikaishi shamba."

Sultani akasema, "Je, umenichoka, Naufali?"

"Hasha, bwana wangu. Nimechoka na ulimi wangu."

Waziri Safuani, aliyekuwa ameketi karibu na kiti cha enzi, akacheka hata kilemba kikamlegea. Akasema, "Mwache aende, bwana wangu. Mtu wa mjini shamba humfukuza mwenyewe. Atarudi na viroboto."

Sultani akampa ruhusa, ingawa moyo wake haukupenda, na Naufali akanunua punda wa kijivu, akapakia unga na mikeka na sufuria, akatoka kwa lango la magharibi. Akasafiri hata akafika Bonde la Mikunazi, na hilo lilikuwa bonde pana lenye nyasi za kufika kiunoni, na katikati yake palikuwa na birika kubwa la mawe lililojaa maji safi, na kando yake nyumba iliyoporomoka upande. Wachungaji wa kijiji cha karibu wakamwambia, "Bwana, pale hakai mtu. Maji yale yana mwenyewe, na mwenyewe si binadamu." Naufali akawashukuru, akaenda akakaa, maana baada ya kuishi na mawaziri hakuona sababu ya kuogopa jini.

Siku za kwanza zilikuwa taabu. Aliezeka paa likavuja, akawasha moto ukamtoa machozi, na nyani wakaja wakala unga wake huku wakimtazama machoni bila haya. Lakini kila asubuhi alikaa mlangoni akaona pundamilia wakija kunywa, na swala, na kanga wenye madoadoa, na kila jioni ndovu wakishuka kutoka vilimani na watoto wao katikati, na moyo wake ukapoa kama chai iliyoachwa upenuni.

Siku moja adhuhuri, jua likiwa utosini na kivuli kimejificha chini ya nyayo, akamwona mwanamke mrefu kupita kimo cha binadamu amesimama birikani, anamimina maji kutoka mtungi usiokwisha, na mguuni ana pingu ya chuma. Naufali akatoa salamu. Yule mwanamke akageuka, akasema, "Mimi ni Dalhama, binti wa majini wa jangwani. Zamani niligombana na watu wa bonde hili, nikakausha kisima chao kwa hasira, na waliokufa kwa kiu hawakuwa watu bali wanyama. Mfalme wa majini akanifunga niwe mtumishi wa wanyama, niwatekee maji mpaka siku nisiyoambiwa. Wewe umeishi hapa wala hukumtupia mnyama jiwe. Omba utakacho. Waliokutangulia waliomba majumba, nikawapa, wakaondoka."

Naufali akasema, "Bibi, maisha yangu yote nimefasiri maneno ya watu. Nipe nielewe maneno ya hawa."

Dalhama akacheka. "Unadhani utasikia hekima? Utajuta."

"Nitajuta basi."

Akampaka maji ya birika masikioni na midomoni, akatoweka. Na neno la kwanza Naufali alilolisikia lilitoka kwa punda wake, ambaye alikuwa akisema, bila shaka kwa siku nyingi, "Bega la kushoto. Bega la kushoto linauma." Naufali akamfungua tandiko, akakuta mshono umekata ngozi. Akaona haya hata akamwomba radhi, na punda akasema, "Sasa haliumi sana," akaenda kula nyasi.

Ndivyo walivyokuwa wote. Kanga walipiga kelele, "Kivuli! Kivuli kinapita!" na kweli mwewe alikuwa juu. Swala waliambiana upepo umegeukia wapi. Pundamilia waligombana nani alimkanyaga nani. Hakuna aliyesimulia siri za ulimwengu, wala aliyempenda Naufali kuliko alivyopenda kivuli cha mkunazi, na mwanzoni alihuzunika, kwa kuwa alizoea kusifiwa. Lakini siku zilivyopita akaanza kulala usingizi mzito, kwani kila alichokisikia kilikuwa vile vile kilivyosemwa, wala hakikuhitaji kulainishwa.

Kijijini palikuwa na mjane aitwaye Mwanazidi, mwenye mbuzi wengi na maneno machache. Akaja birikani siku moja, akasimama mbali kidogo, akasema, "Wewe ndiye mtu wa mjini azungumzaye na punda?"

"Ndimi, Bi Mwanazidi. Ila hatuzungumzi sana. Yeye si msemaji."

"Na mbuzi wangu wanasemaje?"

Naufali akasikiliza. "Huyu mwenye baka jeupe anasema maziwa yanamuuma upande mmoja."

Mwanazidi akainama, akapapasa kiwele, akakuta uvimbe umeanza. Akasema, "Basi njoo kesho unywe uji," akaondoka na mbuzi wake. Na tangu hapo Naufali akawa anakwenda kunywa uji.

Habari zina miguu. Wafanyabiashara wakazifikisha Mashrafa, na Waziri Safuani akamwambia Sultani, "Bwana wangu, mkalimani wako sasa anajua lugha ya ndovu. Tukipata ndovu, Barqani haitasimama hata asubuhi moja." Sultani akaafiki, na msafara ukatoka na matarumbeta na bendera na askari wengi, na magari ya ng'ombe yaliyofunikwa mazulia.

Walifika wakati ndovu wako birikani. Naufali akatoka mbio, akapiga goti. Sultani akasema kwa sauti yake ya upole, "Naufali, nakuona umenenepa. Waambie wakubwa hawa kwamba Sultani wa Mashrafa anawaalika wawe wageni wake wa heshima, katika bustani zenye miwa na maji yasiyokauka, wao na watoto wao."

Upepo ukainua pindo la zulia moja, na Naufali akaona minyororo. Waziri akamwinamia sikioni, akamwambia, "Tafsiri kama ulivyozoea. Ukifanya, utavaa joho la uwaziri mdogo. Usipofanya, shingo ni yako."

Naufali akatazama huku na huku. Mwanazidi alikuwa amesimama na mbuzi wake kando ya mikunazi, na ingawa hakuyasikia maneno ya waziri aliuona uso wa Naufali, akasema kwa sauti ya kusikika, "Bwana Naufali, mimi nawajua mbuzi tu. Lakini kama ni uongo, usiuseme hapa."

Naufali akaenda mbele ya ndovu mkuu, jike kongwe mwenye masikio yaliyochanika. Akamfikishia maneno yote ya Sultani, neno kwa neno, na hakupunguza utamu wake. Kisha akaongeza, "Hayo ndiyo aliyosema. Na chini ya mazulia kuna minyororo." Akageuka akasema, "Ewe Sultani, maneno yako nimeyafikisha. Nimewaambia na habari ya minyororo."

Panga zikatoka alani. Sultani akainua mkono askari wakasimama, na uso wake ukawa mweupe kwa hasira. "Na wao wamesemaje?"

Ndovu hawakukimbia. Yule kongwe alinguruma chini chini, na ardhi ikatetemeka nyayoni mwa watu. Maneno yale hayakuwa ya kusemwa mbele ya mfalme, na mdomo wa Naufali kwa mazoea ukatafuta namna ya kuyalainisha. Akauzuia.

"Anauliza, mama yako yuko wapi?"

"Mama yangu alikufa," akasema Sultani.

"Anasema wao wanapopita penye mifupa ya mama zao husimama wakaigusa. Anauliza kama wewe huenda."

Kaburi la mama yake Sultani lilikuwa nje ya lango la kusini, na tangu aketi kwenye kiti cha enzi hakuwahi kufika.

"Na anauliza jambo jingine," akasema Naufali. "Anasema watu wote walio nyuma yako wananuka hofu, naye ametafuta simba pande zote hakumwona. Anauliza wanaogopa nini."

Waziri Safuani akapiga kelele, "Mwongo! Ndovu hawezi kusema haya, bwana wangu! Haya ni maneno ya Naufali mwenyewe!"

Sultani akamtazama Naufali kutoka juu ya farasi wake. Kisha akasema, "Naufali amenitumikia tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na siku zote hizo hajaniambia neno moja lisilonifurahisha. Haya si maneno yake." Akamgeukia askari aliyekuwa karibu, kijana mwenye mkuki, akamwuliza, "Wewe, unaniogopa?"

"La, bwana wangu," akajibu askari, na mkuki ukamtetemeka mkononi hata ncha yake ikagonga ngao ya mwenziwe.

Sultani akashuka farasini. Akaketi chini, kwenye nyasi, na hapana aliyepata kumwona ameketi chini. Akasema, "Waambie wanywe maji yao. Na minyororo hiyo itupwe." Waziri alipofungua kinywa, akamwambia, "Safuani, wewe tangulia mjini. Kwa miguu." Na waziri akaenda, na joho lake likaokota miiba njia nzima.

Ndovu walipokuwa wakinywa, Dalhama akatokea mbele ya watu wote, na pingu ikapasuka mguuni mwake ikaanguka. Akasema, "Naufali, sharti langu lilikuwa hili, ambalo sikuambiwa mpaka leo: mwanadamu awasemee wanyama mbele ya mwenye nguvu, asitake ujira. Nimekuwa huru. Lakini nilichokupa kilishikamana na kifungo changu, nacho kinaondoka nami." Akapaa kama vumbi la kimbunga, na Naufali alipogeuka kwa ndovu hakusikia ila ngurumo.

Akalia. Mwanazidi akamwacha alie hata akatosheka, kisha akasema, "Mimi sijapata kusikia hata neno moja la mbuzi maisha yangu yote, na mbuzi wangu wamenona. Ni kutazama tu. Nitakuonyesha."

Naufali, aliyejua lugha za mataifa, akatafuta maneno ya kumjibu katika lugha zote hizo asiyapate, akasema, "Nataka tuoane."

"Umechelewa kusema," akajibu Mwanazidi. "Nilikuwa nakaribia kukata uji."

Wakaoana, na kadhi wa msafara ndiye aliyewafungisha ndoa, na Sultani akawa shahidi. Akalifanya bonde lile wakfu wa wanyama, asiwindwe mnyama wala kukatwa mti, na Naufali na mkewe wakawa wasimamizi wake, wakachimba mfereji na watu wa kijiji ili maji yasikauke, na mifugo yao ikazaana hata ikajaza mteremko, na watoto wao wakakua wakijua kutazama kabla ya kusema. Barqani haikupigwa. Naufali alimfunulia Sultani siri ya nahodha Mhindi, na Sultani Ghalibu akamwandikia mfalme wa Barqani akamweleza habari ya panga, za kwake na za mwenziwe, na inasemekana yule mfalme alicheka sana, kisha akaogopa, kisha akaja mwenyewe kuomba radhi.

Na kila mwaka baada ya mavuno Sultani alikuwa akizuru kwanza kaburi la mama yake, kisha akaja bondeni peke yake, bila tarumbeta, akaketi nyasini saa ambayo ndovu hushuka. Nao walipita karibu naye na watoto wao, wakaenda zao kunywa, wala hakuna aliyemtazama. Na Sultani alimwambia Naufali kwamba katika ufalme wake wote hapana heshima aliyopewa iliyompendeza kama hiyo.

Hiyo ndiyo habari ya Naufali, na funzo lake kwa mwenye kutaka funzo ni kwamba mtu akae na wale ambao haimlazimu kuwadanganya, akiwapata mjini au akiwapata shamba. Aliyenisimulia alikomea hapo, nami siongezi langu.